Pamba Masikioni

Baba alikuwa fundi wa pani, Laventille,
mlimani juu ya Port of Spain.
Pipa la mafuta lilikuja uani kwetu likiwa bubu,
likatoka na noti ishirini na tisa.
Kati ya kuja na kutoka: nyundo.

Kwanza ile ya ratili nane, ya kulididimiza tumbo la pipa
mpaka lifanane na bakuli. Siku nzima.
Kisha moto. Kisha nyundo ndogo, ya kubembeleza;
noti inapigwa, inasikilizwa, inapigwa tena,
uso umeinamia chuma
kama mtu anayepokea wasia wa mgonjwa.

Hapo ndipo ulipo ujinga wa kazi yetu:
chombo cha kazi ni sikio,
na kazi yenyewe inalila sikio.
Msumeno haumkati seremala kila anapopasua ubao.
Nyundo yetu hukata kila siku.

Aliambiwa. Theophilus, fundi mwenzake, alimwambia,
naye mwenyewe akiuliza “Eh?” baada ya kila jibu.
Muuguzi alimchorea mstari kwenye karatasi,
ukaenda vizuri, vizuri,
halafu ukatumbukia korongoni.
“Humu chini,” akasema, “ndimo walimo ndege,
na herufi s, na sauti za wajukuu.”
Baba akawashia karatasi moto wa pipa.

“Nitie pamba masikioni, mimi?
Atiaye pamba ni yule asiyetaka kuambiwa.”
“Na wewe unaambilika?” alisema Mama,
lakini alikuwa amempa mgongo,
kwa hiyo halikumfikia.

Wiki tatu kabla ya Kanivali, bendi ikaleta pani arobaini.
Fa kali ya juu, duara dogo mithili ya kifuniko cha chupa,
Baba akaigonga, akatabasamu: “Imekaa.”
Haikukaa. Ililia kama bawaba.
Vijana wakatazamana. Kerlon akatazama viatu vyake.
Sikio halipiti kichwa, wanasema;
haya, nani atakiambia kichwa?

Usiku nikarudi uani, tochi mdomoni,
kitambaa juu ya nyundo,
nikazirekebisha zile za juu, pani baada ya pani.
Usiku nane.
Nilidhani hajui.

Siku ya tisa nikamkuta na pani mapajani,
macho kayafumba,
kidole gumba kikitembea juu ya lile duara
mpaka kikasimama penye kovu jipya,
dogo kuliko punje ya mtama.
Pigo lilitoka kushoto.
Kwetu mwenye shoto ni mmoja.

Nikasubiri ngurumo.
“Ilikuwa chini?” akauliza.
“Juu.”
“Eh?”
Nikanyoosha kidole juu.
“Pani ngapi?”
Nikamfungulia viganja vyote viwili,
nikafumba, nikafungua,
na alipoona sijamaliza, akaishika mikono yangu, akaifumba.

Akavaa shati la kutokea, akateremka mjini.
Jioni akarudi na vizibo viwili vya mpira, rangi ya chungwa.
Hakujitia yeye.
Alilivuta sikio langu kwa juu,
vilevile alivyolivuta nilipokuwa mtundu,
akatia kimoja, akatia cha pili.
Dunia ikarudi nyuma hatua kumi, isiondoke.
Kisha akanikabidhi nyundo kubwa.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Labda. Lakini lilikwenda dukani,
likalipa taslimu, likasahau chenji.

Siku hizi mpigaji kwangu haingii uani masikio wazi;
kopo la vizibo linaning'inia mlangoni,
na anayenicheka nampa ufagio.
Baba huja na kigoda chake, huweka kiganja ukingoni mwa pani
nikiwa kazini, husikiliza kwa mkono,
na wakati mwingine husema “imekaa” kabla yangu.
Mara nyingine huwa kweli.
Mara nyingine huwa ni lori, linapanda mlima.